Mama Daftari Anajibu: Mahesabu ya Steshenari, Upatu wa Soweto na Hati ya Marehemu Baba

Mama Daftari alikuwa afisa mikopo wa benki mkoani Mbeya kwa miaka 17. Siku hizi anawatunzia wafanyabiashara vitabu vyao akiwa barazani kwake, Forest ya Zamani.

Shikamoo Mama Daftari. Nina mashine ya kukoboa mpunga Igurusi. Nakoboa ya watu, na wakati wa mavuno nanunua mpunga wangu, naweka ghalani, nauza mchele bei ikipanda. Nataka mkopo wa milioni 25 ninunue mashine ya kugredi, ile ya kutenga mchele mzima na chenga. Benki wamenipa orodha: mahesabu ya miaka miwili, taarifa ya akaunti ya miezi 12, mtiririko wa fedha, TIN, leseni, karatasi ya kodi kutoka TRA na proforma ya mashine, ile karatasi ya bei ya muuzaji. Vingine ninavyo. Mahesabu sina, nina madaftari manne na moja limenyeshewa. Kuna kijana wa steshenari hapa stendi anasema atanitengenezea yote kwa sh. 80,000, na muhuri juu. Nimpe? Picha za madaftari nimekutumia.
*Mama wa mashine, Igurusi*

Marahaba mwanangu. Hizo 80,000 nunulia magunia matupu.

Kijana wa steshenari ana faili moja kwenye kompyuta. Anafuta jina la aliyetangulia, anaandika lako, anaongeza sifuri pale anapoona panapwaya. Nikiwa kazini niliwahi kupokea, ndani ya miezi miwili, mahesabu ya wateja watatu wasiojuana, na wote watatu walikuwa wametumia sh. 365,000 kwa vocha za simu. Mmoja wao alikuwa anauza mabati, na kwenye gharama zake kulikuwa na chanjo ya kuku. Nikamwuliza, "Mzee wangu, siku hizi na mabati yanachanjwa?" Akacheka, nikacheka, faili lake likalala kabatini.

Muhuri ndio mbaya kuliko yote. Mahesabu yenye saini ya mhasibu hutakiwa yatoke kwa mtu aliyesajiliwa na NBAA, ile bodi ya wahasibu na wakaguzi, na kuhakiki jina lake si kazi kubwa. Usipokuwa na mahesabu utaambiwa nenda ukaandae. Ukiwa nayo ya kugushi, hiyo ni jinai. Rudi kwanza kwa afisa wako umwulize swali moja: "Mnataka mahesabu yaliyokaguliwa, au ya kwangu mwenyewe?" Kwa biashara ya ukubwa wako nisingeshangaa akikuambia lete hayohayo madaftari, tutajenga pamoja. Mimi nimejenga mengi nikiwa nimekaa juu ya kreti la soda dukani kwa mteja.

Sasa nikueleze tunavyosoma, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mteja anadhani karatasi inatakiwa ipendeze. Afisa mikopo haangalii kupendeza. Anazitandaza zote mezani kama karata, anatafuta inayomkana mwenzake. Leseni inasema duka la rejareja, taarifa ya akaunti inasema umelipwa na wakala wa mbolea. Daftari linasema Jumapili hufungui, miamala ya simu inasema Jumapili ndiyo siku yako kubwa. Kila penye ugomvi anaweka alama, kisha anakuja kwako akiwa na maswali.

Kwa mwenye mashine, shahidi wangu mkubwa alikuwa LUKU, umeme wa kununua kabla ya kutumia. Mashine haikoboi kwa dua. Alikuja bwana mmoja akasema anakoboa magunia 60 kwa siku. Nikamwomba anionyeshe meseji za manunuzi ya umeme, nikakuta kwa mwezi mzima kanunua wa 40,000. Sikuwa na swali jingine. Za kwako nimezipitia kwenye picha: Julai umenunua umeme wa 610,000, Aprili wa 95,000. Vizuri sana. Hiyo ndiyo sura ya mashine ya mpunga, inapanda na mavuno na kushuka na masika. Zipige chapa meseji zote za miezi 12 uziambatanishe, hata kama hawakuziomba.

Nimekaa na madaftari yako usiku mbili. Lililonyeshewa nimelisoma kwa tochi. Mwaka jana wako unaonekana hivi:

Mauzo ya mchele, kilo 24,800 kwa wastani wa sh. 1,900: 47,120,000
Kukoboa ya watu: 9,600,000
Pumba: 1,200,000
Jumla iliyoingia: 57,920,000

Kununua mpunga, magunia 400 kwa sh. 80,000: 32,000,000
Umeme: 4,200,000
Kijana wa mashine na vibarua: 4,800,000
Magunia na usafiri: 3,100,000
Pango la ghala: 1,800,000
Matengenezo: 1,500,000
Leseni, ushuru na kodi: 2,600,000
Jumla iliyotoka: 50,000,000

Imebaki 7,920,000. Mhasibu atakuja kuondoa na uchakavu wa mashine, faida ishuke zaidi kwenye karatasi. Usishtuke, hiyo si pesa iliyotoka mfukoni mwaka huu. Ila kuna pesa iliyotoka mfukoni ambayo hukuiandika popote. Ada ya watoto, unga, msiba wa Chimala, simu ya mkwe. Nimekupigia ukaniambia "kama laki nne hivi kwa mwezi". Basi ni 4,800,000 kwa mwaka. Iandike. Afisa atakuuliza unakula nini, na ukimwambia nyumbani hutumii kitu atajua unakula mtaji. Baada ya nyumbani umebaki na 3,120,000.

Sasa twende kwenye mkopo. Tuchukulie riba ni asilimia 18 kwa mwaka, inahesabiwa kwenye salio linalobaki, na unalipa kwa miezi 24. Milioni 25 ina rejesho la karibu 1,248,000 kila mwezi, yaani takriban milioni 15 kwa mwaka. Wewe una milioni 3 na kidogo. Utasema, mama umesahau kwamba mashine itaniongezea. Sijasahau. Umeniandikia kwamba mchele uliogrediwa unapanda sh. 300 kwa kilo. Ni kweli, lakini chenga nazo zitatoka na zitauzwa chini, kwa hiyo mimi nimeweka wastani wa sh. 200 kwa kilo zote. Hiyo ni 4,960,000. Toa umeme wa nyongeza wa 60,000 kwa mwezi, unabaki na 4,240,000. Ukijumlisha na ile ya juu unapata 7,360,000 kwa mwaka. Wateja wa kuwagredia mchele wao sikuwahesabu, kwa sababu bado hawajaja.

Kwa hiyo milioni 25 haikai, hata ukiikalia. Kwenye picha zako niliona proforma ya pili, ya mashine ndogo ya milioni 11, umeikunja kama huitaki. Ikunjue. Weka zako milioni 3, omba milioni 8. Rejesho litakuwa kama 399,400 kwa mwezi, sh. 4,793,000 kwa mwaka, ambayo ni karibu theluthi mbili ya ziada yako. Kwangu mimi huo ndio mpaka. Ukivuka hapo, kibarua mmoja akiugua au LUKU ikipanda unaanza kukopa ili ulipe. Na mteja anayekuja benki na ombi la milioni 8 ambalo hesabu zake zinalibeba anasikilizwa kuliko wa milioni 25 anayesema "Mungu atasaidia". Nimekaa kwenye kamati ya mikopo, najua sauti zinavyobadilika pale.

Kuna mambo matatu kwenye karatasi zako lazima uyarekebishe kabla hujapeleka kitu.

La kwanza ni TRA, na hili nalisema bila kupepesa. Kwenye makadirio uliwaambia mauzo yako ni milioni 18. Kwenye daftari ni milioni 57.9. Mashine ya risiti unayo, lakini unaitoa kabatini akija mteja wa ofisini anayedai risiti. Benki itaziweka hizo karatasi mbili bega kwa bega. Unadhani itachukua ipi? Mimi nilikuwa nachukua ndogo. Kwa milioni 18 hakuna atakayekukopesha hata baiskeli, na kwa milioni 57.9 umejishtaki mwenyewe. Nenda ofisi ya TRA kabla hujaenda benki, omba makadirio yako yafanyiwe marekebisho, na anza kutoa risiti kwa kila mauzo. Mwaka 2019 kiwango cha wafanyabiashara binafsi wanaolipa kodi kwa kuangalia mauzo kilipandishwa kutoka milioni 20 hadi milioni 100, kwa hiyo wewe uko ndani yake bila wasiwasi, hutalazimishwa kuajiri mhasibu. Utaumia kidogo. Ndiyo maana kwenye hesabu ya juu nimeweka kodi ya mauzo yako halisi, siyo ile unayolipa sasa. Nilitaka uone kama mkopo unakaa hata ukiwa mkweli. Unakaa.

La pili ni stoku. Tarehe 31 Desemba ulikuwa na magunia 150 ghalani, ukayaandika kwa milioni 18, kwa bei unayoiota ya Februari. Stoku huandikwa kwa bei uliyonunulia: 150 mara 80,000, milioni 12. Bahati yako mwaka uliotangulia nao ulibakiwa na magunia 150, kwa hiyo hesabu ya faida haikuyumba. Hapohapo kwenye mizania, ile karatasi ya mali na madeni, umeandika unadai watu 2,600,000. Ndani yake kuna 900,000 za mama wa hoteli aliyehamia Tunduma tangu mwaka juzi. Huyo mfute. Ninajua inauma.

La tatu ni mtiririko wa fedha, karatasi ambayo watu wengi huijaza mwisho, usiku, kwa kugawa mauzo ya mwaka kwa 12. Kwa mwenye biashara ya mpunga kufanya hivyo ni kujichimbia shimo. Chora miezi 12, kila mwezi andika ulianza na ngapi, zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, umebaki na ngapi. Utaona kitu ambacho mimi nimekiona: Juni hadi Agosti unatoa milioni 32 kununua mpunga na akaunti inabaki mifupa. Mchele unaanza kuingiza pesa ya maana Novemba hadi Machi. Rejesho la Julai litatoka wapi? Litatoka kwenye kukoboa ya watu, maana kati ya zile 9,600,000, sh. 6,400,000 ziliingia Juni hadi Oktoba, wastani wa 1,280,000 kwa mwezi. Basi pesa ya kukoboa ya miezi hiyo usiiguse kununulia mpunga hata bei ikiwa nzuri namna gani. Aprili na Mei ndiyo njaa yako. Mchele umekwisha, mpunga mpya bado uko shambani. Weka kando rejesho mbili mwezi Machi, kama 800,000, na uonyeshe kwenye jedwali kwamba umeziweka. Au nenda na jedwali hilo mkononi umwombe afisa akupangie marejesho yafuate msimu. Wapo wanaokubali, lakini hawakubali kwa maneno, wanakubali wakiiona hiyo Aprili kwenye karatasi.

Miamala ya simu nayo omba taarifa kamili kutoka kwa kampuni ya simu, siyo kupiga picha meseji. Na kabla hujajumlisha, futa pesa yako uliyoizungusha. Wewe Septemba ulitoa milioni 5 benki, ukaiweka kwenye simu, ukamlipa dalali, dili likafa, akairudisha, ukairudisha benki. Kwenye taarifa inaonekana milioni 5 imeingia mara tatu. Si mauzo hayo, ni matembezi. Ukimwahi afisa kumwambia, anakuamini na mengine.

Lile daftari lililonyeshewa usiliandike upya kwenye daftari jipya la kung'aa. Mwandiko mmoja, kalamu moja, mwaka mzima bila doa la mafuta? Tunajua. Lipeleke hivyohivyo na matope yake.

Habari za kazi Mama Daftari. Nina saluni Soweto. Wiki iliyopita zamu yangu ya upatu imefika, tuko 12 na kila mmoja anatoa 500,000, nikaweka milioni 6 zote benki. Kesho kutwa napeleka maombi ya mkopo. Shoga yangu anasema nimefanya vizuri, akaunti imenona. Ni kweli?
*Dada wa saluni, Soweto, Mbeya*

Nzuri mdogo wangu. Akaunti imenona, lakini imenona ghafla, na unene wa ghafla daktari huupima.

Ngoja nikusimulie jambo ambalo silipendi. Mwaka wangu wa nne kazini alikuja mama mmoja muuza mitumba wa Mwanjelwa. Akaunti yake ilikuwa inapita laki mbili, laki tatu, mwaka mzima. Siku tisa kabla ya kuomba mkopo, zikaingia milioni 4 mara moja. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni: "Amepamba akaunti." Sikumwuliza. Nilikuwa kijana, nilijiona mjanja, nilishakutana na watu wawili watatu waliokopa kwa jirani wakaweka pesa benki siku chache ili taarifa ipendeze. Nikamkataa.

Baada ya miaka miwili tulikutana kwenye daladala ya Uyole. Akanisalimia kwa jina. Akaniambia, bila hasira, kwamba zile zilikuwa za upatu: wanawake 20, kila mmoja 200,000. Alikuwa ameusubiri mwaka mzima na zaidi, akapanga aongezee na mkopo achukue fremu. Nilipomkataa alikwenda kwa hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa riba ya kuumiza. Friji ilikwenda, kochi likaenda, meza ya mitumba akamwachia dada yake. Alishuka Mafiati, na nauli yangu akanilipia. Hiyo nauli ninaikumbuka kuliko mishahara yangu mingi.

Kwa hiyo wewe usimwachie afisa nafasi ya kuandika kwa kalamu nyekundu. Piga nakala ya kurasa za daftari la upatu: majina ya wote 12, tarehe, zamu ya nani ilikuwa lini. Mwenyekiti na katibu waweke saini na namba zao za simu. Kama ni kikoba kilichosajiliwa halmashauri, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi vya namna hiyo visajiliwe, ambatanisha na nakala ya cheti. Halafu chukua kalamu ya rangi upake kwenye taarifa yako mwenyewe zile 500,000 ulizokuwa unazitoa kila mwezi. Hapo pesa ya ghafla inageuka kuwa ushahidi kwamba unaweza kutoa laki tano kila mwezi bila kukosa. Unajua hiyo ina thamani gani kwa mtu anayetafuta mteja wa kurejesha laki tatu?

Andika na barua fupi, aya moja: milioni 6 zimetoka wapi na zinakwenda kufanya nini. Na usizitoe zote keshokutwa. Pesa iliyoingia Jumatatu ikatoka Jumatano inarudisha ileile kalamu nyekundu. Kama zina kazi ya haraka, zilipe kazi hiyo moja kwa moja kutoka benki, lionekane jina la uliyemlipa.

Mapato ya saluni yenyewe hukuyataja. Una lipa namba au wateja wanatuma kwenye simu yako ileile unayotumiwa na mama mkwe? Kama ni hiyo ya mwisho, anza leo kutenganisha. Hutakuwa na miezi sita ya taarifa safi kesho kutwa, lakini utakuwa nayo siku moja.

Mama, dhamana ninayo, nyumba ya Kyela, hati ipo. Jina ni la marehemu baba aliyefariki 2016, wadogo zangu hawana neno. Pia benki wanataka mke wangu asaini wakati nyumba si yake. Hii ni haki?
*Fundi seremala, Kyela*

Fundi, wadogo zako hawana neno leo. Siku dalali wa mnada akipiga hodi watakuwa na maneno ya kujaza Ziwa Nyasa.

Hati yenye jina la marehemu haiwezi kuwekwa rehani na mtoto wake. Mkae kikao cha familia, muandike muhtasari, mumpendekeze msimamizi wa mirathi, muende mahakamani athibitishwe. Akishathibitishwa, ndipo ofisi ya ardhi ibadilishe jina. Na msimamizi si mmiliki: anagawa, halafu kila mtu anashika chake. Ukiwa wewe ndiye msimamizi, usidhani umerithi peke yako. Haya yanachukua miezi, kwa hiyo yaanze hata kama mkopo unautaka mwakani. Kwa sasa waulize benki kama watapokea dhamana ya mashine zako za randa na msumeno, uwe na risiti zake za kununulia.

Kuhusu mama watoto: nyumba mnayoishi kama mke na mume, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakukataza kuiweka rehani bila ridhaa yake, hata kama hati ina jina lako tu. Benki hawamtafuti mkeo kwa uchokozi. Wasipompata, rehani yao inaweza kuanguka mahakamani. Swali langu ni jingine. Umeshamwambia kwamba unakopa? Barua yako ina kurasa tatu na yeye ametajwa mstari mmoja.

Mama Daftari, sehemu mbili wote wananiambia riba ni asilimia 18. Nakopa kiasi kilekile, miezi ileile, lakini rejesho la mmoja ni kubwa. Nani ananiibia?
*Muuza vipuri, Mwanjelwa*

Hakuna anayekuibia, wanahesabu tofauti. Chukua mfano wa milioni 8 kwa miezi 24, maana ninayo hesabu yake hapa mkononi. Anayehesabu riba kwenye salio linalopungua atakutoza kama 399,400 kwa mwezi, na riba yote hadi mwisho itakuwa kama 1,585,000. Anayehesabu kwenye milioni 8 nzima kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, kana kwamba hujarudisha hata senti, atakutoza 453,300, na riba yote ni 2,880,000. Wote wamesema 18.

Usibishane nao juu ya asilimia. Waambie wote wawili wakupe ratiba ya marejesho kwa maandishi, pamoja na ada ya kuandaa mkopo na bima, kisha jumlisha kila kinachotoka mfukoni mwako. Na kabla hujasaini popote, lipa vile vikopo vya simu. Umenitajia vitatu kwa mzaha. Taarifa za mikopo siku hizi zinakusanywa na kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo, na benki huzitazama kabla hata hawajakufungulia faili. Nilishaona mtu wa milioni 30 akikwama kwa deni dogo la simu alilolisahau. Ukilipa, omba uthibitisho kwamba umemaliza, uutunze.

*Wewe wa Tukuyu uliyetuma picha za daftari la duka la dawa za kilimo: ukurasa wa tatu na wa saba hazisomeki, kidole chako kimefunika tarakimu. Tuma tena, ukipiga nje kwenye mwanga.*